Mapipa Yasiyo Sahihi

Jumatatu, 3 Januari

Aji, bibi yangu, anasema nikiendelea kusaga meno usingizini nitafika miaka thelathini nikiwa na fizi tupu. "Beti," yaani binti kwa lugha ya wazee wetu, "kama una maneno, yaandike. Usiyatafune." Basi nayaandika.

Ofisi yetu ya muziki ya serikali imefunguliwa leo baada ya sikukuu. Mimi bado ni karani wa majaribio. Tarehe 1 Machi Mkurugenzi ataamua kama nathibitishwa kazini au narudi nyumbani kumsaidia Aji kukata maembe ya achari. Nina alama za juu katika masomo manane ya sekondari na miaka miwili ya chuo, lakini nikisikia viatu vya Mkurugenzi kwenye korido bado nanyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka.

Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Alcindor, aliniita leo. Ana sauti ya upole, na akikuangalia machoni unajisahau. Amenipa kazi ya kukagua mapipa ya muziki, yale ya mafuta yaliyofuliwa noti juu yake, katika shule zote za muziki za mitaani kabla ya Kanivali. "Nimekuchagua wewe, Bi Boodram, kwa sababu hukosei." Nimetembea na sentensi hiyo siku nzima kama mtu aliyebeba yai.

Alhamisi, 6 Januari

Kiangazi kimeingia kwa nguvu. Vumbi mpaka ndani ya mashine ya chapa. Bomba la nyumbani halijatoa tone tangu juzi. Shule mbili nimekagua, zote safi.

Jumamosi, 8 Januari

Nina hasira, kalamu inachana karatasi.

Nimepanda Mlima Dufour leo, ngazi mia mbili na zaidi, kukagua shule ya Dokta Merle Quamina. Jina lake nalijua tangu sekondari. Vitabu vyake viwili viko kwenye rafu ya ofisi, kimoja kuhusu namna watu wa visiwa vyetu wanavyofundishana muziki bila daftari, kingine kuhusu wanawake wapiga mapipa. Nilitarajia mama wa maktaba, mwenye miwani na kikombe cha chai. Nilimkuta mwanamke wa miaka hamsini na kitu, suruali imekatwa magotini, anagonga chupa kwa kijiko katikati ya uwanja wa udongo, na mbele yake watu wapatao sitini wa kila umri, kuanzia watoto wa miaka sita hadi mstaafu mmoja wa posta. Anaimba kipande kifupi, wanakijibu kwa mapipa. "Tena," anasema. Wanakijibu. "Tena." Hakuna karatasi hata moja. Wote wanamwita Tanti, kama vile ni shangazi wa mlima mzima.

Nilifungua chati ya ofisi inayoonyesha kila noti ikae wapi, nikaanza na pipa la kwanza. Noti hazikuwa mahali pake. La pili, vilevile. La tatu, vilevile. Nikamwuliza.

"Keti," alisema. "Nipigie skeli, do hadi do."

Nilipiga mapipa shuleni kwa miaka mitano. Niliketi nikiwa na uhakika. Noti ya kwanza niliipata. Ya pili haikuwa pale mkono wangu ulipokwenda, wala ya tatu, na uwanja mzima ukasikia kelele kama sinia la vijiko limeanguka jikoni.

Walinicheka. Walinicheka mpaka wengine wakashikilia mapipa wasianguke. Mama mmoja mnene aitwaye Verlyn, ambaye asubuhi huuza mikate ya kukaanga na papa pale getini na jioni hupiga besi, alipaza sauti: "Jamani, serikali imekuja kutwanga pilipili!" Na fundi wao wa sauti, mzee mwembamba wanayemwita Nyundo, hakuinua hata macho. "Mwacheni mtoto wa watu. Kazoea kalamu. Anatafuta wino humo ndani."

Dokta Quamina hakucheka. Hakuwanyamazisha pia.

"Mikono yako imesoma pipa lingine," aliniambia. "Njoo Jumamosi ijayo, nikufundishe hili."

"Sikuja kujifunza, Dokta. Nimekuja kukagua."

"Najua. Ndiyo maana nasikitika."

Nilishuka ngazi zote zile uso ukiwaka. Nani kampa haki ya kunisikitikia?

Jumatatu, 10 Januari

Nimejaza fomu. Kipengele cha tano kinasema *Mpangilio wa noti*, na mbele yake kuna visanduku viwili: *sahihi* na *si sahihi*. Hakuna cha tatu. Mapipa ya Dufour yana sauti safi kuliko yote niliyokagua, ila noti zimelala kwa mpango wao wenyewe. Mwanzoni niliweka alama ya kuuliza kwa penseli, ili nimwulize Bwana Alcindor. Kisha nikamkumbuka Verlyn na pilipili yake.

Nikafuta penseli. Nikatia tiki kwenye *si sahihi*, mara arobaini na moja, moja kwa kila pipa, kila tiki imenyooka. Nikatia sahihi yangu chini: R. Boodram, Afisa Mkaguzi.

Daftari hili sitalidanganya. Nilisikia raha.

Jumatano, 12 Januari

Bwana Alcindor amesifu ripoti yangu mbele ya makarani wote. Nimekula mikate ya dengu mitatu mjini bila kuhisi pilipili.

Jumatano, 19 Januari

Nimepewa faili la Dokta Quamina nilipange upya. Nene kama tofali. Nilidhani nitalimaliza kabla ya chakula cha mchana, nikajikuta nalisoma hadi saa ya kufunga ofisi.

Alizaliwa kule kule Dufour. Enzi hizo msichana aliyeonekana kwenye uwanja wa mapipa alihesabiwa amepotea. Baba yake alimpiga kwa mkanda mara mbili kwa kusimama tu getini. Alijifunza nyuma ya ukuta wa mabati, akipiga noti kwenye paja lake. Akiwa na miaka ishirini alikuwa akifundisha watoto wa mlimani mwenyewe, waziwazi, na baba hakuthubutu tena. Kisha ufadhili, Uingereza, miaka sita ya baridi, tasnifu kuhusu jinsi uwanja wa mapipa unavyofundisha. Kuna barua ya profesa wake inayosema kazi ni nzuri lakini anaomba aeleze "kwa nini jambo hili liitwe elimu." Pembeni mwa barua kuna mwandiko wake: *Kwa sababu watu wanajua jambo ambalo jana hawakulijua.*

Angeweza kubaki kule. Alirudi. Amefundisha gerezani, amefundisha vipofu, amekwenda Grenada na Tobago kuanzisha shule za jioni. Mara mbili ameomba nafasi ya kudumu katika ofisi hii, mara mbili amejibiwa kwamba hana uzoefu wa utawala.

Na kuna ripoti aliyoiandikia ofisi hii mwaka 1971. Bwana Alcindor ameniagiza nichape upya ukurasa wa thelathini: *Ili mtoto aweze kuhama shule bila kuanza upya, ofisi iweke mpangilio mmoja wa noti kwa mapipa yote, na mipangilio mingine iondolewe polepole.* Ni maneno yake mwenyewe. Sikuelewa ukurasa huo unatakiwa kwa kazi gani. Nimeuchapa nakala tatu.

Jumamosi, 22 Januari

Nimetumwa tena Dufour kuchukua sahihi ya Dokta kwenye orodha ya mali. Miaka ya sabini ofisi iliwapa mapipa matupu ya mafuta na Nyundo akayageuza kuwa ala, kwa hiyo kwenye vitabu mapipa ni ya serikali. Nilipanga kukaa dakika kumi.

Nimekaa saa tatu nzima. Kulikuwa na mwanafunzi mpya, mama wa makamo aliyefika mara ya kwanza, hajawahi kushika kijiti. Dokta aliimba wimbo mmoja wa mlimani, wa wapigana fimbo wa zamani, mstari mmoja tu. Akamwekea mama yule mkono juu ya noti ya kwanza. "Inayofuata iko jirani. Ipapase." Na kweli ilikuwa jirani. Na iliyofuata ilikuwa jirani ya ile. Nilielewa palepale: aliyepanga mapipa haya alizilaza noti kwa kufuata nyimbo za watu wa huku, zile zinazofuatana mdomoni zikae pamoja pipani. Kabla ya mapumziko mama yule alikuwa akipiga wimbo mzima, analia na kucheka, na Verlyn anamfuata kwa besi sita zilizomzunguka kama masufuria ya harusi.

"Nani alipanga hivi?" nilimwuliza Nyundo.

"Marehemu kaka yangu. Hakujua kusoma hata jina lake."

"Na wakishajua nyimbo za hapa, wanafanyaje na muziki mwingine?"

"Wanapiga chochote. Juzi walijifunza wimbo wa Mjerumani gani sijui, Tanti hajamaliza hata kufunga sketi yake." Alinitazama mara ya kwanza. "Mtu akishajua njia ya kwenda kwa mama yake, njia nyingine utamwelekeza tu."

Dokta alitia sahihi orodha bila kuisoma. Aliniamini. Nilitamani kumwambia kuhusu tiki zangu, nikajiambia fomu ni fomu, itakaa kwenye kabati.

Jumanne, 1 Februari

Agizo limetoka leo, na mimi ndiye niliyelichapa. Mapipa yote yaliyokaguliwa na kuandikwa *si sahihi* yatakusanywa Jumatano ya Majivu, siku moja baada ya Kanivali, yakatwe. Mapya, yenye mpangilio wa chati, *yatatolewa kadiri yatakavyopatikana*. Nimechapa maneno hayo kwa shule nyingine tangu nianze kazi hapa, na sijaona hata pipa moja likipatikana. Kiambatisho A ni ukurasa wa thelathini wa mwaka 1971. Kiambatisho B ni fomu yangu.

Katika visiwa vyote viwili, shule iliyoandikwa *si sahihi* ni moja. Dufour.

Nilikosea tarehe, ikabidi nichape upya. Nimeichapa upya! Vizuri, bila doa.

Alhamisi, 3 Februari

Nyasi za mlima zinaungua. Moshi mjini tangu asubuhi. Sili vizuri.

Jumamosi, 5 Februari

Barua iliwafikia jana. Nimekwenda mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilidhani nikieleza polepole kwamba fomu ina visanduku viwili tu, watanielewa.

Verlyn alisimama katikati ya geti na kijiko cha mafuta mkononi. "Huyo! Kaja kutupima majeneza?"

"Dada Verlyn, naomba kuongea na Dokta."

"Dada yako nani? Mimi na wewe tumechangia titi gani? Miaka kumi na tisa napiga besi zile. Nilizaa, nikarudi siku ya tisa na mtoto mgongoni. Wewe umekaa hapa saa moja, ukaona zina makosa."

Nyundo hakutania leo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, nyundo ndogo imelala mapajani, na aliniuliza swali moja tu. "Noti zilikuwa na sauti mbaya?"

"Hapana, Mzee. Zilikuwa safi."

"Basi ulikuwa na ugomvi na nani?"

Jibu ninalo, liko kwenye ukurasa wa tarehe 8 Januari.

Dokta alikuwa ndani ya kibanda cha mabati wanachokiita ofisi. Mezani palikuwa na ripoti ya 1971, nakala yake mwenyewe, imekunjika pembe. Nilianza kuomba radhi. Akanikata.

"Unajua nilipoandika hii nilikuwa na miaka mingapi? Ishirini na tisa. Nilikuwa kama nimerudi jana, na shahada mbichi. Kila nilichokiona kimepinda nilitaka kukinyoosha. Niliandika 'iondolewe polepole' kwa kalamu ya dhahabu niliyopewa na wazungu. Kisha nikaja kufundisha hapa, nikaona watu wanajifunza mchana mmoja jambo ambalo kwa chati linachukua mwezi. Nimeandika makala tatu kujikanusha. Tatu! Unadhani kuna aliyezisoma?" Alipiga meza. "Mtu hukumbukwa kwa upumbavu wake uliopigwa chapa vizuri."

"Dokta, mimi ndiye—"

"Najua ni wewe. Jina langu ni la kwanza kwenye barua ile, lako la pili. Mimi nikikasirika nawe itabidi nianze na mimi, na sina muda, nina bendi ya kupeleka mashindanoni. Toka."

Nimetoka. Nimeshuka ngazi nikiwakasirikia wote: Verlyn kwa mdomo wake, Dokta kwa kalamu yake ya dhahabu, Bwana Alcindor, aliyechora visanduku viwili. Kufika chini nilikuwa nimebaki na mimi tu.

Jumanne, 8 Februari

Mvua isiyo na msimu, kubwa, asubuhi nzima. Nimeingia kwa Mkurugenzi nikiwa nimelowa.

"Bwana, kwenye ripoti ya Dufour nilijaza vibaya. Naomba kuifuta."

"Noti ziko mahali zilipo kwenye chati?"

"Haziko, Bwana."

"Basi hukukosea." Aliweka kalamu chini. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakuna karani anayelijua. "Nimezaliwa kwenye ngazi ya hamsini ya mlima ule. Merle Quamina alinifundisha nikiwa na miaka kumi. Nikapata nafasi shule ya mjini, ya watu wenye viatu. Wakaniweka kwenye bendi yao. Mikono yangu haikuipata hata noti moja. Walinicheka mwaka mzima, Bi Boodram. Kila nikiinua vijiti walikuwa wananicheka kabla sijapiga. Sitaki mtoto mwingine wa Dufour achekwe vile."

Nilimhurumia. Kicheko kile nakijua, bado kiko masikioni. Na papo hapo damu ikanipanda, kwa sababu niliona kwamba sote wawili tulichekwa, na sote wawili tulikwenda kulipiza kwenye mapipa.

Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Tarehe 1 Machi iko karibu," alisema kwa upole wake. "Ningependa kuandika kwamba hukosei."

Nikasema, "Ahsante, Bwana."

Nimemshukuru. Nimeandika hapa ili nilione: nimemshukuru.

Jumatano, 9 Februari

Aji kanikuta nimekaa juu ya kitanda na viatu. "Nani kafa?" Nikasema hakuna. "Basi vua viatu, beti." Nikavivua.

Jumamosi, 12 Februari

Fainali ya mashindano. Nilisikiliza redioni na Aji, tukinywa maji ya rozela. Dufour walipiga kama watu wanaovunja mlango. Mtangazaji alisema "wana ghadhabu gani hawa leo?" Tumepata nafasi ya sita.

Nimeandika *tumepata*. Naiacha.

Jumatatu, 14 Februari

Kanivali. Sikutoka.

Jumanne, 15 Februari

Kanivali. Kesho nimepangiwa kwenda na lori, kuhakiki orodha.

Jumatano ya Majivu, 16 Februari

Nitaandika yote kwa mpangilio, nisije nikayapamba baadaye.

Lori lilifika chini ya mlima saa tatu. Dereva ni Mista Boysie, mzee wa idarani, mtu wa kulalamika. "Kila mwaka siku ya Majivu nabeba takataka za Kanivali," alisema. "Leo napewa ngazi." Nilikuwa na ubao wangu, orodha na kalamu mbili. Nilijiambia nitaandika namba tu. Sitamtazama mtu.

Nilitegemea geti limefungwa kwa minyororo. Lilikuwa wazi. Watu wote sitini walikuwepo, wengi na alama ya majivu kwenye paji la uso, wametoka kanisani. Wamekaa nyuma ya mapipa yao, wengine wawili wawili kwa pipa moja. Dokta Quamina alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono kifuani.

"Hatutapigana," alisema. "Nimewakataza. Lakini hapa pipa halitoki getini bila kusomewa. Hiyo ni sheria ya uwanja huu, ya zamani kuliko mimi."

Mista Boysie akauliza kusomewa ndiyo nini. Nyundo ndiye aliyejibu. Zamani polisi walikuwa wakichukua mapipa na kuyarudisha yamepondwa, kisha wanasema yalikuwa hivyo. Tangu hapo kila pipa linalotoka hupigwa kwanza na mwenyewe, noti moja moja, kuanzia ukingoni hadi katikati, mbele ya fundi na mbele ya anayelichukua. Fundi akiridhika anasema "lipo." Ndipo linatoka.

"Arobaini na moja?" alisema Mista Boysie. "Mungu wangu, nina chakula cha mchana."

"Kula papa," alisema Verlyn. "Yupo."

Wakaanza. Namba moja, msichana wa shule, alipiga noti zake zote, taratibu. Nyundo akasema "lipo." Mista Boysie akalichukua, akalishusha ngazi kwenye lori. Nikaandika *1, limepokelewa*. Kwenye karatasi mbele yangu namba moja ilikuwa na tiki yangu: *si sahihi*. Namba mbili. Namba tatu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenitukana. Kila noti ilitoka safi, hata sikio langu la kukagua halikupata pa kushika, na kila mara mkono wangu uliandika *limepokelewa* chini ya tiki nyingine iliyonyooka.

Namba tisa alikuwa yule mstaafu wa posta, Bwana Lezama. Ana miaka sitini na nne na mikono inayotetemeka mpaka ishike vijiti. Alipiga noti zote. Nyundo akasema "lipo." Lakini hakuondoka. Alinigeukia na kofia mkononi, kwa heshima, kama mtu aliye dirishani ofisini kwetu.

"Miss, samahani. Nimepeleka barua miaka thelathini na sita, karatasi naziheshimu. Kama imeandikwa kuna kosa, kosa lipo. Naomba unionyeshe ni noti ipi, niiache kuipiga."

Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa anauliza kweli, na alinyoosha kijiti kwangu ili nimwonyeshe.

Nilitazama pipa. Nilitazama fomu. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri, hata Verlyn.

"Hakuna," nilisema. Nikasema tena, kwa nguvu, nadhani kwa kelele. "Hakuna, Bwana Lezama! Hakuna hata moja! Mimi ndiye niliyekosea, nilikasirika kwa sababu mlinicheka, nikaandika!"

Nikaweka ubao juu ya pipa lake. Nikapiga mstari kwenye tiki ya kwanza, nikatia tiki kwenye *sahihi*, nikaandika herufi za jina langu na tarehe ya leo pembeni, kama kanuni ya ofisi inavyotaka afisa anaposahihisha fomu yake. Nikafanya hivyo mara arobaini na moja. Ilichukua muda. Machozi yaliangukia namba kumi na mbili ikabidi niiandike upya. Kisha nikampa Mista Boysie karatasi.

Aliisoma, midomo ikicheza. "Hapa inasema yote sahihi."

"Ndiyo."

"Mimi nimetumwa kubeba mabovu."

"Hayapo."

"Binti, umepata kazi nyingine?"

"Hapana."

"Haya." Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni. "Bila karatasi mimi sibebi hata kijiko cha serikali. Nyie, kila mtu akashushe lake, mgongo wangu umeisha."

Hapo ndipo walipopiga kelele. Watu wanane walikimbilia lori. Mimi nilikaa chini kwenye udongo, na sketi ya kazini.

Dokta Quamina alikuja akasimama juu yangu. Nilidhani atanishika bega.

"Usisubiri nikushukuru," alisema. "Umerudisha ulichochukua."

"Ndiyo, Dokta."

"Alcindor ataleta mwingine. Wiki ijayo, wiki ya pili. Fomu ni ileile."

"Najua."

"Ulijua hivi wiki zote hizi, ukakaa nayo." Alinyoosha kidole kwenye ubao wangu. "Kichwa kizuri hivyo, na umekifungia kabatini." Akaenda zake. Baadaye Verlyn aliniletea mkate na papa umefungwa kwenye gazeti, akaniwekea mapajani.

Alhamisi, 17 Februari

"Umenidhalilisha," alisema Bwana Alcindor.

"Nilikosea tarehe 10 Januari, Bwana. Jana nimesahihisha."

"Ulinishukuru ndani ya ofisi hii."

"Na hilo pia lilikuwa kosa."

Aliandika mbele yangu, bila hasira, mwandiko mzuri. Sitathibitishwa. Nilipofika kwenye ngazi za nje nililia. Mbele yake sikulia. Hilo limenishangaza mpaka sasa.

Jumapili, 20 Februari

Nimemwambia Aji yote. Amesikiliza akichambua dengu. Kisha: "Na huyo mama wa mapipa, hakusema ahsante?" Hakusema, Aji. "Mwenye adabu." Sijui alimaanisha nani.

Jumamosi, 26 Februari

Dokta alinipelekea ujumbe kwa Bwana Lezama: mkaguzi mpya anakuja leo saa nne, na mimi niwe pale. Haikuwa ombi.

Nimefika mapema nikapewa vijiti. Dokta aliniimbia mstari mmoja, nikaukosa. "Tena." Nikaukosa. "Tena, na usinitazame mimi, pipa liko chini." Watoto walinicheka. Nilikasirika, nikaendelea kupiga.

Saa nne akaja. Kijana, shati limepigwa pasi na mistari ya kukunjwa bado inaonekana, ubao mkononi, jasho la ngazi mia mbili. Keston ndilo jina lake. Wamemwajiri Jumatatu. Alikuwa na chati, na fomu ileile, na visanduku vilevile viwili.

"Oo, serikali imeota ndevu!" alisema Verlyn. Uwanja ukaangua kicheko. Nikaona masikio ya kijana yanabadilika rangi, nikaona mkono wake unakaza kalamu, na nilijua kwa hakika jambo gani linapita kichwani mwake.

"Verlyn, nyamaza!" nilisema. Ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Nyundo akainua macho.

Nikavuta kiti, nikakiweka mbele ya pipa la kwanza.

"Karibu. Keti kwanza, usikilize."

"Samahani, dada, sina muda," alisema Keston. "Nimeambiwa nilinganishe na chati, nijaze, nirudi. Mimi natii tu."

"Na mimi nilitii," nilimwambia. "Mara arobaini na moja. Keti."